Karai Moja la Askofu

Ninyi vijana mnaokaa kule nyuma ya kanisa kuu na kompyuta zenu, mkirusha misa hadi kwa jamaa walioko Doha na Boston, nawaona. Siku hizi nakaa benchi la nne kutoka nyuma kama mstaafu mwingine yeyote, najifanya nasali. Lakini masikio yangu hayajastaafu. Jumapili iliyopita mliacha maiki ya kwaya wazi wakati wa mahubiri, na kanisa zima likajua kwamba mwimbaji mmoja wa besi ana njaa na angependa samaki, si kuku. Wote waligeuka kuwaangalia ninyi. Mimi sikugeuka. Nimefanya mabaya kuliko hayo, tena mbele ya maaskofu, na Padri Bonifasi ameniomba niwaandikie ili mpate moyo.

Jina langu ni Konsolata, lakini hapa Kisumu mkiuliza Konsolata mtapelekwa kwa wanawake kumi. Ulizeni Mama Maiki. Kwa miaka thelathini na minne nilishughulikia sauti ya kanisa kuu letu. Wengine wanaijua historia yake kwa macho: mawe, madirisha ya rangi, majina ya wakubwa waliozikwa pale chini. Mimi naijua kwa sikio.

Waliolijenga walikuwa na akili sana kuhusu joto. Kuta ni nene, paa liko juu, madirisha yanakaribisha upepo wa ziwani. Kuhusu sauti hawakufikiria hata kidogo. Neno likitoka altareni hupanda darini, likazunguka huko kama popo, kisha likashuka limechoka. Wazee walinisimulia kwamba kabla ya mitambo kuja, padri akisema "Bwana awe nanyi", watu wa mbele walijibu mara moja, wa katikati baada ya kitambo, na wa nyuma walipojibu, padri alikuwa amefika mbali. Ndiyo maana ukoo fulani wa benchi za nyuma hadi leo hujibu mambo ambayo hayajaulizwa.

Kazi hiyo niliipata kwa sababu ya ufagio. Nilikuwa mfagiaji. Mitambo ilikuwa mikononi mwa bruda mmoja Mzungu ambaye hakumruhusu mtu yeyote aiguse, isipokuwa mimi, kwa kuwa nilipangusa vumbi. Bruda akaenda kwao likizo, akaugua, hakurudi. Jumapili ya kwanza bila yeye, padri wa wakati huo akaniambia, "Konsolata, wewe unaijua hiyo mashine." Nikasema, "Naijua kwa nje, Fada." Akasema inatosha.

Haikutosha. Niliwasha kila kilichoweza kuwashwa. Maiki ilipiga mluzi mkali mpaka mtoto aliyekuwa akibatizwa akanyamaza kwa mshangao, jambo ambalo hata mama yake hakuwa ameliweza asubuhi nzima. Padri akaziba masikio kwa mikono yenye mafuta ya ubatizo. Kesho yake nikatumwa Kaloleni kwa Mzee Rashidi.

Mzee Rashidi alikuwa fundi wa redio. Baba yake alikuja na reli kutoka pwani, mama yake alikuwa Mjaluo wa Seme, na yeye alikuwa Mwislamu wa Kaloleni aliyeshughulikia spika za msikiti, za harusi na za mikutano ya chifu. Aliongea Kiswahili kilichonyooka kabisa, na kila mara mimi niliposema "maiki yangu imekufa, hii kitu haiongei," alifumba macho kwanza kama mtu aliyekanyagwa, ndipo akajibu.

Siku aliyokuja kanisani, alivua viatu mlangoni kwa mazoea. Nilifurahi, maana mimi ndiye niliyefagia. Lakini kina mama wawili waliokuwa wakisali rozari walimwona anapita na soksi, wakatazamana, wakavua vyao. Jioni ile nilikuta jozi saba mlangoni, na katekista akiulizana na watu ni lini askofu alitoa amri hiyo.

Mzee Rashidi akanifundisha kazi. Mengine nawapa bure.

Waya usiuzungushe kwenye kiwiko kama kamba ya ng'ombe. Utavunjika ndani na hutajua ni wapi. Ukunje kwa upole, duara kwa duara, jinsi wenyewe unavyotaka kulala. Betri ndogo ya mraba ipime kwa ulimi: ikikung'ata, iko hai. Lakini msifanye hivyo mbele ya watu. Mtawa mmoja aliniona nalamba betri dakika tano kabla ya komunyo, akanifuata hadi sakristia kuniuliza kama hiyo inahesabika kuwa chakula na nimevunja mfungo wa kabla ya komunyo.

Mtu mwenye sauti ndogo usimpandishie mashine. Mwambie asogee karibu na maiki. Ukimpandishia, unapandisha pia kikohozi cha aliye nyuma yake. Andika jina la kila maiki kwenye tepu na uibandike chini ya kitufe chake. Na jaribio lolote utakalofanya kanisa likiwa tupu ni uongo mtupu, kwa sababu nguo za watu hunywa sauti. Siku ya mvua, watu wakija na makoti na masweta, lazima uongeze kidogo.

"Na utajuaje wamesikia?" nilimuuliza.

"Tafuta kiti kibaya kuliko vyote," akasema. "Mtu anayekaa hapo ndiye bosi wako."

Kiti kibaya kuliko vyote kiko upande wa kushoto, nyuma ya nguzo ya tatu. Ukikaa hapo humwoni padri, na sauti hukufikia vipande vipande. Na hapo, kila Jumapili, alikaa Dani Perpetua. "Dani" ni nyanya kwa Kijaluo, na huyu alikuwa nyanya wa kila mtu. Sikio lake la kushoto halikufanya kazi kabisa, na la kulia lilifanya kazi kwa kuchagua. Nilimwambia mara nyingi ahamie mbele.

"Mimi siondoki hapa," alisema kwa sauti ya mtu anayeita mashua. "Hii nguzo najua. Mchanga ya hii nguzo ilipita kwa hii kichwa."

Nilidhani ni mambo ya uzee. Nikamfanya kipimo changu tu. Akitikisa kichwa wakati wa mahubiri, basi kanisa zima limesikia. Akitoa rozari, nilijua nipandishe.

Hebu niwape kisa cha maiki isiyo na waya, kwa sababu najua mnanidhania nilikuwa mtu wa mambo ya kale tu. Mkristo mmoja mwema alituletea maiki ya kubana kwenye kanzu kutoka ng'ambo. Padri Bonifasi, ambaye ndipo tu alikuwa ameletwa kwetu, aliifurahia sana. Alitembea nayo katikati ya mabenchi akihubiri kama mtu anayetafuta mbuzi wake. Jumapili ya pili akamaliza mahubiri, akaketi, akainamisha kichwa ili tutafakari kimya. Kimya kikaingia. Ndipo spika zote nane zikanguruma:

"Kuna mtu hapa mgongo unamuuma! Simama! Simama sasa hivi!"

Wanaume watatu wakasimama. Mmoja wao alikuwa mwenyekiti wa parokia.

"Inua mikono! Pokea! Poookeeea!"

Wawili wakainua mikono. Mwenyekiti aliinua mmoja tu, nusu, huku akimtazama padri. Mimi nilikuwa nachomoa nyaya kama mtu anayeng'oa mihogo.

Sauti ile ilikuwa ya mchungaji wa kanisa moja dogo la mabati kule Kondele, ambaye naye alikuwa amenunua maiki ya namna hiyohiyo, kwenye masafa yaleyale. Jumatatu nikaenda kumwona. Nilijitayarisha kwa ugomvi, lakini nilimkuta amefurahi mno.

"Mama, hata sisi Jumapili kitu ilitokea," akaniambia. "Wakati tunaomba, sauti ilitoka kwa spika na lugha hakuna mtu anajua. Lugha ya mbinguni! Watu walilia. Wengine walianguka chini."

Nikafikiria saa. "Ilikuwa kama saa nne na nusu?"

"Saa nne na nusu kabisa!"

"Hiyo ilikuwa Padri Bonifasi anaimba Kilatini."

Mchungaji akafunga mlango kwanza. Kisha akasema, "Mama, tafadhali hiyo usiambie watu wangu." Nikamwahidi. Yeye akahamia chaneli ya sita, sisi tukabaki ya pili, na hadi leo tukikutana sokoni huwa ananisalimia kwa heshima kubwa. Na mwenyekiti wa parokia, kwa taarifa yenu, hakulalamika tena kuhusu mgongo.

Sasa nifike kwenye jambo lililoniweka hatarini.

Nilipobakisha miaka miwili nistaafu, kanisa kuu likaandaa sikukuu ya kuadhimisha kujengwa kwake. Maaskofu wangekuja kutoka kila upande. Kamati ikaundwa, na mwenyekiti wake akawa Mwalimu Okumbe, mwalimu mkuu mstaafu, mzee wa karibu miaka themanini aliyevaa suti hata siku ya kupanda maharagwe. Alikuwa mtu safi, mkali, mwenye sauti ndogo kama ya mlango wa kabati. Yeye ndiye aliyepewa kazi ya kuandika historia ya kanisa kuu na kuisoma siku hiyo.

Aliandika kurasa kumi na moja. Siku ya mazoezi alikuja kuzijaribu, akaipuliza maiki. Fuu! Fuu! Nikamwambia, "Mwalimu, maiki si chai." Hakupenda. Akasoma kidogo, na mimi nikazunguka nikisikiliza. Kulikuwa na mfalme fulani wa Ulaya, wafadhili wa ng'ambo, msanifu aliyechora ramani, meli iliyoleta kengele, na askofu Mzungu wa wakati ule ambaye "alilijenga hekalu hili kwa mikono yake mwenyewe".

Dani Perpetua alikuwa pale nguzoni akisali. Kwa bahati, spika ilikuwa upande wa sikio lake linalofanya kazi. Akaniita.

"Huyo anasoma nini?"

"Historia, Dani. Jinsi kanisa lilijengwa."

"Amefika wapi kwa sisi?"

Nikarudi kwa Mwalimu, nikamwambia kwa adabu kwamba kuna mama mzee anayesema alibeba mchanga, labda angeongea naye. Mwalimu akatazama saa yake. "Mama Konsolata," akasema, "historia hutoka kwenye maandishi. Nimesoma barua zote za wamisionari. Hakuna mahali wanawake wametajwa." Akafunga faili lake.

Siku ya sikukuu kanisa lilijaa hadi kwenye ngazi. Nilikuwa na maiki nyingi kuliko siku yoyote ya maisha yangu: mbili kwenye mimbari, nne kwa kwaya, moja kwa askofu, na moja niliyoisimamisha kando ya nguzo ya tatu, kwa ajili ya mama aliyekuwa asome maombi ya waamini. Nilikuwa nimeandika tepu zote vizuri jana yake. Lakini joto la watu lilikuwa kubwa, tepu mbili zikabanduka, nami nikazibandika upya kwa haraka. Mmeshaelewa. Nilizibandika kinyume.

Mwalimu akapanda mimbarini na kurasa zake. Alikuwa na wasiwasi, na sauti yake ikazidi kuwa ndogo. Watu wa nyuma wakaanza kunong'ona. Kwa kawaida ningeenda nimsogeze karibu na maiki, lakini ningepitaje mbele ya maaskofu na gauni langu la kazi? Nikafanya lile nililokatazwa. Nikakishika kitufe nilichodhani ni cha maiki ya pili ya mimbari, nikakipandisha.

"... na hivyo," akasoma Mwalimu, "askofu alilijenga hekalu hili kwa mikono yake mwenyewe."

"Karai moja!"

Sauti ilitoka kwenye spika zote, nzito, ya mtu anayeita mashua. Maaskofu wakainua vichwa. Mmoja alitazama darini.

"Yawa, jamani, alibeba karai moja! Moja tu! Na mchanga yote ikaingia kwa shingo!"

Dani hakujua. Alikuwa ameketi kando ya maiki, ananung'unika peke yake kama alivyonung'unika kila Jumapili kwa miaka yote ile, na kwa sikio lake hakusikia kwamba sasa ananung'unika mbele ya Kisumu nzima. Watu wakaanza kucheka. Mwalimu akanitazama, akapitisha kidole shingoni: kata! Padri Bonifasi alinitolea macho. Nami nikagundua kosa la tepu, na kidole changu kikawa tayari juu ya kitufe.

Nawaambia ukweli, wanangu, nilitaka kuzima. Nilibakisha miaka miwili tu nistaafu, na nyumba niliyoishi ilikuwa ya parokia. Lakini nilifikiria kwamba kila mtu aliyewahi kusimama kule mbele nimempa sauti: mapadri, wanasiasa, mabwana harusi waliosahau majina ya wake zao. Mama huyu amekaa hapo kwenye kiti kibaya kuliko vyote akinisaidia kupima sauti za wengine, na yake sijawahi kuipandisha hata mara moja. Nikamtazama askofu wetu. Alikuwa ameinama mbele, mkono nyuma ya sikio.

Nikakisukuma kitufe juu hadi mwisho.

Jirani wa Dani kwenye benchi, badala ya kumnyamazisha, akamwuliza, "Karai gani, Dani?"

"Ya mchanga! Sisi tulikuwa tunabeba kutoka ziwa, asubuhi mpaka jioni. Mimi nilikuwa msichana mdogo, na mama yangu, na wanawake wa huko Dunga. Maji pia, kwa kichwa. Sasa huyo msimamizi wa mafundi akasema, mwanamke mwenye mtoto mgongoni asiingie kwa jengo, mtoto anapiga kelele. Uwi! Wanawake wakaweka makarai chini. Wakakaa juu ya mchanga. Siku moja, siku mbili. Hakuna mchanga, hakuna maji, mafundi wanakaa tu wanaangalia ukuta. Siku ya tatu askofu akakuja. Anasema, kina mama, kwani kazi ni ngumu? Mama yangu akamwambia, jaribu."

Kicheko kilikwisha, watu wakasogea mbele kwenye mabenchi. Hata watoto.

"Akajaribu! Alivaa kanzu nyeupe. Tukamwekea karai kwa kichwa. Hakujua kushika shingo. Alitembea kama bata, hatua kumi, ishirini, mchanga inashuka ndani ya kola, inashuka kwa mgongo, inatokea chini kwa viatu. Wanawake walicheka mpaka wengine wakalala chini. Yeye pia akacheka. Akamwambia msimamizi, hawa waingie na watoto wao, wote. Ndio tukarudi. Hii nguzo ndiyo tulianza nayo." Akaigonga nguzo kwa kiganja, na maiki ikaleta mlio ule kama ngoma. "Na huyo mtoto wa Abeth anasoma pale mbele anatuambia nini? Yeye alikuwa hapo! Alikuwa mgongoni kwa mama yake. Alikojolea mchanga na ikaingia kwa simenti!"

Jamani. Askofu wetu alivua miwani akajifuta machozi. Kwaya iliangukiana kwa kicheko. Mtu mmoja nyuma alipiga vigelegele, halafu wakajibu wengine, halafu kanisa zima. Mwalimu Okumbe pekee ndiye aliyesimama wima, kurasa kumi na moja mkononi, mdomo wazi. Abeth lilikuwa jina la mama yake.

Hakumaliza kusoma. Alizikunja karatasi akashuka.

Jumanne niliitwa mbele ya kamati. Mwalimu hakuwepo, lakini wengine waliokuwepo walitosha. Waliniuliza kama ilikuwa ajali. Ningesema ndiyo na mambo yakaisha. Nikasema, "Kupanda mara ya kwanza ilikuwa ajali. Mara ya pili nilipandisha mimi." Padri Bonifasi akaangalia meza. Wakaniambia nikae nyumbani mpaka watakapoamua, na funguo za mitambo niziache. Nilienda nyumbani nikalala mchana kweupe, kitu ambacho sijawahi kufanya. Nililia pia, kidogo, kisha nikafua mapazia.

Padri akasema kwa muda huo yeye mwenyewe ataendesha sauti, kwa kuwa siku hizi kila kitu ni simu. Akaiunganisha simu yake na spika ili apige nyimbo za komunyo. Ilikwenda vizuri Jumapili moja. Jumapili ya pili, watu wakiwa kwenye foleni ya komunyo, kimya, wimbo ukakatika, na sauti ya dada yake kutoka Ahero ikajaa kanisa kuu:

"Bonifasi! Ile dawa ya minyoo umemeza?"

Nasikia kulikuwa na mtu mmoja kwenye foleni aliyejibu, "Bado." Jioni ile Padri alikuja nyumbani kwangu, hakukaa hata kwenye kiti, akaweka funguo juu ya meza. "Kesho saa mbili kuna mazishi," akasema. Ndiyo ilikuwa hukumu yote.

Lakini Mwalimu Okumbe hakuwa ameonekana. Watu walisema amehama parokia. Wiki ya tatu nikamwona mlangoni pangu, na suti yake, na daftari jipya la shule. Nilijua amekuja kunigombeza, nikamwekea chai ili nipate pa kutazama.

Hakuigusa. Akasema, "Mama alifariki nikiwa darasa la sita. Nilijua alilima. Nilijua alisuka mikeka. Hili la mchanga hakuniambia." Akalizungusha lile daftari mikononi. "Nimepita mlango wa kanisa lile maisha yangu yote. Nimewachapa watoto kwa kuegemea nguzo ile."

Nikaisogeza chai karibu naye. Nikasema, "Labda aliona si jambo la kuhadithia."

"Unaweza kunipeleka kwa yule mama?"

Tukaenda Dunga, kwa Dani. Alikuwa nje anaanika omena, dagaa wetu wa ziwani. Mwalimu akasimama mbele yake na kofia mkononi, akaanza hotuba ndefu ya kujitambulisha. Dani akamkatiza.

"Najua wewe. Kaa chini. Si kwa kiti, hapo, kwa mkeka. Shika kalamu."

Walikaa hapo siku hiyo, na kesho yake, na wiki hiyo yote. Dani alitaja wanawake mmoja mmoja: huyu alitoka wapi, aliolewa wapi, aliimba wimbo gani njiani. Kulikuwa na mmoja ambaye Dani alikataa aandikwe. "Huyo alikuwa anabeba nusu karai, na anasema imejaa." Mwalimu akasema historia lazima iwe na haki. Dani akasema haki ndiyo hiyo. Walibishana alasiri nzima kuhusu mwanamke aliyekufa zamani, na mwishowe Dani akakubali jina liandikwe, ila mwisho kabisa, na kwa herufi ndogo.

Maadhimisho ya mwaka uliofuata, Padri Bonifasi alimwomba Mwalimu asome tena. Safari hii nilimpeleka mwenyewe mpaka kwenye maiki, nikaishusha kidogo ikamfikia mdomoni. Alileta ukurasa mmoja tu. Hakukuwa na mfalme wala meli. Ilikuwa orodha ya majina, kila moja na kijiji chake, basi. Watu walisikiliza. Kila mara jina lilipotajwa, mahali fulani katikati ya mabenchi mtu alishtuka, akamgusa jirani: huyo ni nyanya yetu.

Akafika katikati ya ukurasa, akasoma, "Abeth, wa Nyalenda." Halafu akanyamaza.

Tulingoja. Alikuwa ameshika mimbari kwa mikono miwili, na pumzi yake ilisikika hadi kwenye ngazi za nje. Padri Bonifasi akanyanyuka nusu kwenye kiti chake, hakujua kama aende au abaki.

Kutoka nyuma ya nguzo ya tatu, bila maiki yoyote, Dani Perpetua akasema, "Soma, nyathina. Soma, mtoto wangu. Wengine wanangoja."

Mwalimu akatoa leso, akajipangusa, akairudisha mfukoni ikiwa imekunjwa vizuri. Kisha akasoma jina lililofuata.